Nimetembezwa Msitu wa Kwetu

Shinyalu, Kakamega
Jumapili, 16 Novemba 2025

Wambui mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili Mama asikie habari za ziwa lenu la Nakuru lililopanda mpaka likameza lango la mbuga. Alitikisa kichwa, akauliza kama wale heroe walilipwa fidia. Nikamwambia heroe hawakungoja fidia, wengi walijihamia Bogoria kitambo.

Sasa nikujibu lile swali lako. Uliandika kwamba siku hizi mnapanda kilima cha Menengai kila Jumamosi na kikundi chenu, ukashangaa kwamba mimi, ambaye nyumba yangu imegeuzia msitu mgongo, sijawahi kutembezwa humo hata siku moja. Nakiri swali lako lilinichoma. Nilisema moyoni, nitoe pesa yangu nikaonyeshwe miti? Mimi niliyelelewa na msitu huo?

Unajua msitu niliujua vipi? Kwa shingo. Nilikuwa darasa la tatu nilipobebeshwa tita langu la kwanza la kuni, na ngata ya majani ya mgomba kichwani, nikimfuata Mama huku nikitazama visigino vyake tu. Ukiwa na mzigo hutazami juu. Na masikio tuliyategea kitu kimoja tu, buti za askari. Siku moja tulikamatwa. Askari alichukua panga la Mama, akakata kamba ya tita, akatuamuru turudi mikono mitupu. Mama hakusema neno njia nzima. Panga lile lilikuwa la marehemu bibi. Kwa hiyo mtu akiniambia "uzuri wa msitu wa Kakamega", mimi hukumbuka ile kamba iliyokatwa.

Lakini chama chetu cha akina mama kiliamua mwezi huu tusikae tu kwenye viti vya plastiki kuhesabu pesa. Katibu wetu ana mpwa anayeongoza wageni pale Isecheno, kituo cha msitu (mwongozaji, ingawa watoto wa hapa humwita "gaidi" na wageni wa pwani hushtuka). Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa langoni, wanawake kumi na wanne, wawili wamebeba chai kwenye chupa na mmoja kavaa viatu vya kwenda kanisani. Huyo mmoja ni mimi.

Kijana alitutazama miguuni, akatuomba kwa adabu tuchomeke suruali ndani ya soksi, na wenye marinda wavae gambuti. Mimi nikamjibu kwamba nilikuwa nikiingia humo peku kabla hajazaliwa. Dakika ishirini baadaye nilikanyaga msafara wa siafu. Wambui, ilibidi wenzangu wanizungushie leso nne kama pazia huku nikivua na kukung'uta, na kijana wa watu kageuka anatazama mti kwa makini sana, kama anausoma. Ndio ulikuwa mwisho wa ubishi wangu.

Baada ya hapo nilinyamaza, na nadhani kunyamaza ndiko kulinifanya nianze kuona. Kwanza ule mkumu. Tangu utotoni niliujua kama mti mnene wa kujikinga mvua. Kijana alituingiza ndani yake. Ndani, naam! Ndege hudondosha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine, mche unaota huko huko angani na kuteremsha mizizi mpaka chini, mizizi inashikana kama wavu, mwaka baada ya mwaka, hadi mti wa ndani unakufa na kuoza. Kinachobaki ni bomba la mizizi lenye tundu katikati. Tulisimama watatu humo, tukatazama juu, tukaona anga kama sarafu ndogo. Mweka hazina wetu akasema, "Huyu ni mpangaji aliyemzika mwenye nyumba." Tulicheka mpaka mbega wakahama.

Lakini kilichonimaliza ni hondohondo. Utawasikia kabla ya kuwaona: mabawa yao hupuliza kama mvukuto wa mhunzi, halafu kilio kama mtoto aliyenyimwa kitu. Miaka yote nilidhani ni ndege wa kelele tu. Kijana akatuonyesha mti mkubwa wenye shimo, mbali juu, na ukingo wa shimo umebaki na udongo mkavu. Shimo wakati huu lilikuwa tupu. Akaeleza kwamba jike akitaka kutaga huingia humo, na mlango unazibwa kwa udongo anaouleta dume, kinabaki kijipenyo cha kupitisha mdomo. Jike hukaa kifungoni karibu miezi minne, analalia mayai, anatunza kinda, na muda wote huo dume ndiye anayemlisha. Anarudi na matunda kooni, anayatema moja moja, anapitisha kwenye kijipenyo. Dume akifa, nyumba nzima iko taabani.

Kimya kidogo. Kisha mama mmoja akauliza, "Miezi minne? Na anarudi kila siku?" Kijana akajibu kila siku, mara nyingi kwa siku. Mama akasema, "Huyo ndege anaoa wa pili?" Hapo matembezi yakasimama kwa robo saa. Sitakuandikia yaliyosemwa, barua hii inaweza kusomwa na mume wako.

Nilipoinama kuokota leso ndipo nikaona chini ya lile shimo: miche imejaa, mingi kama kitalu kilichosahauliwa. Mbegu za matunda yale yanayoliwa juu hudondoka pale. Mitere ilikuwa miongoni mwake, ule mti wetu wa mbao. Kumbe ndege huyu ndiye anayepanda msitu, anameza tunda hapa na kuiangusha mbegu kule mbali. Kijana alisema iliyorundikana pale chini nyingi itakufa kwa kukosa jua, ndiyo maana wanaokusanya mbegu za kitalu hupenda kupita hapo.

Mti mmoja, mwiritsa, sikufurahia kuuona. Ulikuwa umebambuliwa maganda mzingo mzima, kutoka kiunoni hadi mtu anapoweza kufika, na juu matawi makavu. Maganda yake ndiyo dawa ya wazee wetu, na huko Ulaya hutengenezewa dawa za tezi dume. Tangu 1995 biashara yake ya nje inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa, lakini mwizi wa usiku hasomi mikataba. Ukibambua upande mmoja kidogo mti hupona. Ukiuzungusha wote umeuua. Baba yangu alikuwa akichukua kipande cha ukubwa wa kiganja, upande wa jua linakochomoza. Nilimwambia kijana hivyo, akatoa daftari akaandika. Nilijisikia vizuri, sikufichi.

Tulimalizia kilima cha Lirhanda. Kupanda ni jasho, na huko kuna shimo la machimbo ya dhahabu, mabaki ya ile homa ya dhahabu ya miaka ya 1930, sasa ni makao ya popo. Wenzangu waliingia na tochi, mimi nilibaki nje na chai. Kutoka juu unauona msitu wote umelala kama blanketi la kijani lililokatwa kwa mkasi: hapa miti, hapo hapo mahindi. Kilomita za mraba kama 240 ndizo zinazohesabiwa kuwa msitu wa Kakamega, na hata hizo si miti mitupu. Ni kipande kilichobaki cha msitu ule wa Kongo uliowahi kuenea mpaka huku. Nilitafuta paa letu, nikaliona. Dogo mno.

Baada ya chakula kulikuwa na kazi ya kitalu. Hapa ndipo nina neno. Umeona zile siku za kupanda miti, gari zinakuja na spika, fulana mpya, mheshimiwa anamwagia mche maji huku akitazama kamera? Mwaka jana kundi moja kutoka mjini lilikuja hivyo, likapanda, likapiga picha, likaacha chupa za maji kwenye mtaro. Mbuzi wakamaliza miche kabla ya wiki mbili. Jumamosi hakukuwa na spika. Tulikaa kwenye magunia tukijaza udongo kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa, mboji sehemu moja, udongo wa msituni sehemu mbili, na mzee mmoja wa Muileshi, chama cha wanajamii wa msitu huu, akitukaripia tusikandamize sana. "Mzizi nao unapumua," akasema. Kila mmoja ameandikiwa miche yake, na kila mwezi tutaulizwa iko wapi. Mimi nina kumi na miwili.

Mzee huyo nilimuuliza habari za kuni. Akasema siku hizi mama analipa ada ya mwezi, anachukua kuni kavu, haingii na panga wala shoka. Tangu sheria ya misitu ya 2005 wenyeji wana kiti mezani. Nikamuuliza kiti hicho kina mto au ni cha miiba, akacheka, hakujibu. Binafsi naona ni nafuu, lakini ada ni ada, na yule asiye nayo bado anaamka saa tisa usiku.

Karibu nisahau: nimekununulia kopo la Naturub, ile dawa ya kuchua inayotokana na kikundi cha wakulima cha Muliru, hapa hapa kando ya msitu. Wanalima mmea wenye harufu ya kafuri mashambani mwao na kuukamua mafuta, badala ya kuingia msituni. Mwaka 2010 walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Itafaa goti lako la Menengai.

Niliporudi jioni nilimsimulia Mama yote, hondohondo na mlango wake wa udongo. Alinisikiliza akichambua kunde. Kisha akauliza nililipa ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama huyo kijana alitupitisha kwenye ile chemchemi ya chini ya mawe, walikokuwa wakipumzika na matita, ambako kima hushuka kunywa mchana. Nikasema hapana, hata hakuitaja. "Basi hakuwaonyesha kitu," akasema, akaendelea na kunde zake. Baadaye kidogo akaniuliza zile gambuti za kukodi kama zipo za miguu midogo.

Kwa hiyo njoo Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Mvua itakuwa imepungua. Ukipitia Kapsabet, shuka Chavakali, panda matatu ya Kakamega, ushuke Khayega. Ukiliona Jiwe la Ilesi linalolia ujue umepitiliza. Boda ya Khayega mpaka kwetu usikubali bei ya kwanza. Uje na soksi ndefu na viazi vya Molo, vya hapa havina ladha. Mwongozaji nimeshamwambia atatembea nyuma siku hiyo, mbele yupo mwenye njia yake, ana miaka sabini na minne na hapendi watu wanaopiga kelele.

Wako,
Khasandi