Bajeti ikichelewa, mtafute asiyelipwa

Springfield, Illinois

Kwako somo yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Ujumbe wako ulinifikia, na ule wa pili wa kuuliza kama wa kwanza umefika nao umefika. Haraka zako ni zile zile. Nimefurahi kusikia bibi ametoka hospitali na siku hiyo hiyo akadai pilau.

Unasema gavana wa kaunti yenu ameurudisha mswada wa bajeti kwa waraka mrefu, madiwani wamenuna na kususia vikao, Julai inabisha hodi, na wewe karani wa kuandika kumbukumbu hujui mshahara utatoka wapi. Ukaniuliza huku Marekani, kwenye magavana wa tangu enzi, wao hufanyaje. Basi hufanya hayo hayo, somo yangu, ila kwa mabilioni. Teleka chai, barua hii si fupi.

Kalenda zetu zinafanana kuliko unavyodhani. Majimbo 46 kati ya 50 huanza mwaka wa fedha Julai 1, kama nyinyi. New York huanza Aprili, Texas Septemba, Alabama na Michigan Oktoba. Na tofauti na serikali kuu ya Washington, ambayo hukopa ikaendelea, karibu majimbo yote yanabanwa na sheria kwamba matumizi yasizidi mapato. Kila dola inayoongezwa kwa mmoja inatoka kwa mwingine, na anayetolewa humjua aliyemtoa.

Nikuanzie na hapa nilipo, kwa sababu Illinois ndiyo iliyovunja rekodi. Mimi sikuwepo, nilihamia baadaye, lakini huwezi kukaa Springfield usisimuliwe. Januari 2015 aliapishwa gavana Bruce Rauner wa chama cha Republican, tajiri wa biashara ya uwekezaji ambaye hakuwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa. Upande wa pili kulikuwa na spika Michael Madigan wa chama cha Democratic, aliyekalia kiti hicho tangu 1983, akakipoteza miaka miwili tu katikati ya miaka ya 90. Rauner alisema hatakubali kodi kupanda mpaka bunge limpe mambo yake: kupunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi, kuwawekea wabunge ukomo wa mihula, na kuzuia kodi ya nyumba isipande. Madigan alisema hayo hayahusiani na bajeti. Bunge likapitisha bajeti yenye pengo la takriban dola bilioni 4, na Juni Rauner akapiga turufu karibu yote, yaani akakataa kuitia saini.

Nasema karibu yote, na neno hilo ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu. Sehemu ya pesa za shule za msingi na sekondari aliitia saini. Alijua shule zisipofunguliwa Agosti, wazazi watakuja kumtoa ofisini kwa mikono yao. Kisha mahakama moja ya kusini mwa jimbo ikaamuru wafanyakazi wa serikali waendelee kulipwa mishahara, bajeti iwepo isiwepo. Maagizo ya mahakama za shirikisho yakalinda matibabu ya maskini na huduma za watoto walio chini ya ulinzi wa jimbo. Wadai wa hati za mkopo, yaani waliolikopesha jimbo, hulipwa kwa sheria. Hesabu hapo, somo yangu: kila mwenye sauti ya kuwakosesha usingizi wanasiasa alikuwa ameshapata chake. Basi hao wakubwa wawili wangekuwa na haraka gani?

Waliobaki nje ni vyuo vikuu, wanafunzi wanaotegemea ruzuku ya jimbo, na mashirika yanayohudumia wazee, walemavu, waraibu, na wanawake waliokimbia vipigo. Huku kazi nyingi za namna hiyo serikali haifanyi yenyewe. Huingia mkataba na mashirika, nayo hufanya kazi kwanza na kulipwa baadaye. Lutheran Social Services of Illinois, mojawapo ya makubwa, Januari 2016 lilitangaza kufuta nafasi za kazi zaidi ya 750. Mwezi uliofuata chuo kikuu cha Chicago State kiliwapa wafanyakazi wake wote, kama 900, barua za kuwaonya kuwa huenda wakaachishwa kazi. Mwenzangu kazini alikuwa mwanafunzi miaka hiyo, na hadi leo ukimtajia ruzuku ya masomo husonya kwanza ndipo ajibu.

Ilichukua siku 736. Ndiyo, miaka miwili na ushei! Madeni ambayo jimbo halijalipa yalifika karibu dola bilioni 15, na sheria ya hapa inasema serikali ikichelewesha malipo hutozwa riba ya asilimia moja kwa mwezi. Wananchi wakawa wanalipa kodi ili kulipia ugomvi. Kilichoamsha watu mwishowe kilikuja kwa mkupuo Juni 2017: makampuni ya kupima mikopo yalisema hati za Illinois ziko ngazi moja tu juu ya "takataka", yaani hati zisizoaminika kulipwa, kazi za barabara zilikuwa zinasimamishwa, na bahati nasibu ya Powerball ikatangaza kuwa itaondoka jimboni. Usicheke. Bahati nasibu iliwatikisa watu ambao nyumba ya wazee kufungwa haikuwatikisa.

Bunge likapitisha kodi ya mapato kutoka asilimia 3.75 hadi 4.95. Rauner akapiga turufu Julai 4, na Seneti ikaipindua turufu hiyo siku hiyo hiyo, yaani ikaupitisha mswada bila saini yake. Julai 6 ikawa zamu ya Baraza la Wawakilishi, na kabla ya kura mama mmoja akamwaga unga usiojulikana karibu na ofisi za wakubwa. Jengo zima likafungwa, wazima moto wakaja na mavazi yao ya kinga, wabunge wakangoja masaa. Walipofunguliwa wakapiga kura: 71 kwa 42. Zilizohitajika ni 71. Warepublican kadhaa walimwacha gavana wao ili ifike hapo, na baadhi yao walijua wanajichimbia kaburi la kisiasa. Rauner mwenyewe alishindwa uchaguzi 2018. Madigan aliondoka bungeni 2021, na 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu kwa makosa ya rushwa, kesi ambayo ni habari nyingine kabisa.

Kwenu, kuupitisha tena mswada bila kufuata waraka wa gavana kunataka theluthi mbili ya madiwani, nimekumbuka vizuri? Illinois ni tatu kwa tano. Ila kuna kijambo hapa ningependa madiwani wenu wakisikie. Gavana wa Illinois anaweza kuupinga mswada mzima, kufuta kifungu kimoja cha matumizi, au kupunguza tarakimu. Akipunguza tarakimu tu, bunge huirudisha kwa wingi wa kawaida. Kwa hiyo turufu kali, ya kufuta, ni rahisi kwake kuilinda kuliko turufu laini ya kupunguza.

Turufu za kifungu kimoja kimoja wanazo magavana 44, na ukitaka kuona ujanja wa binadamu umefika wapi, nenda Wisconsin, jirani zetu wa kaskazini. Huko tangu 1930 gavana anaruhusiwa kukata sehemu ya mswada wa fedha, na kila gavana akaitafsiri ruhusa hiyo anavyotaka. Walikuwa wakikata herufi ndani ya maneno hadi kupata maneno mapya. Wananchi wakabadilisha katiba 1990 kuzuia. Wakaanza kukata vipande vya sentensi mbili na kuviunga viwe sentensi moja. 2008 wananchi wakazuia tena. Hakuna aliyekumbuka kuzuia tarakimu. Mwaka 2023 mswada ulisema shule ziongezewe kiwango cha dola 325 kwa mwanafunzi kwa mwaka wa 2023-24 na ule wa 2024-25. Gavana Tony Evers, ambaye zamani alikuwa mwalimu, akafuta maneno machache, akafuta "20" na kile kistari, ikabaki 2425. Nyongeza ya miaka miwili ikawa ya miaka mia nne. Nilidhani ni mzaha hadi Aprili 2025, Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilipoamua kwa majaji wanne dhidi ya watatu kwamba hakuvunja katiba. Wewe unayechapa miswada, tafadhali andika miaka kwa maneno.

Na hili nalo litakugusa wewe binafsi. Minnesota, 2017, gavana Mark Dayton alikasirishwa na bunge kuhusu kodi, akatia saini bajeti nzima lakini akafuta kifungu cha pesa za bunge lenyewe: wabunge, makarani, kila mtu. Alitaka warudi mezani. Walimpeleka mahakamani hadi juu kabisa, na mahakama ikasema ana haki hiyo. Bunge likajikimu kwa akiba hadi mwaka uliofuata. Usimwonyeshe gavana wenu barua hii.

Alaska 2019 niitaje kwa kupita. Gavana Mike Dunleavy alifuta dola milioni 444, kiasi cha milioni 130 zikiwa za chuo kikuu cha jimbo. Kupindua kulihitaji wabunge 45 kati ya 60. Gavana aliitisha kikao katika mji wa Wasilla, wengi wakaenda Juneau makao makuu, wengine wakaenda Wasilla wakakaa katika ukumbi wa shule. Mnamo Julai 10 waliokuwa Juneau walipiga kura 37 kwa 1. Hazikutosha. Wale wengine hawakuhitaji hata kusema hapana. Kutokuwepo kwao kulitosha. Ndugu zako wanaosusia vikao wanajua wanachofanya.

Kutokuwepo kunaweza pia kukugeuka. Huko North Carolina, mwaka huo huo, gavana Roy Cooper alipinga bajeti akitaka bima ya afya ya maskini ipanuliwe. Asubuhi ya Septemba 11 wabunge wengi wa chama chake hawakuwa ukumbini, wakisema waliambiwa hakuna kura asubuhi hiyo; upande wa pili ulikana kuahidi hivyo. Republican wakaita kura, wakaipindua turufu kwa 55 dhidi ya 9, katika baraza la watu 120. Hata hivyo Seneti haikufuata, na bajeti hiyo haikuwa sheria kamwe. Na jimbo halikusimama! Sheria yao ya tangu 2016 inasema bajeti mpya ikikosekana, ya zamani inaendelea kwa viwango vyake vya kawaida. Ofisi zinafunguliwa, mishahara inatoka. Ndiyo maana Julai 2025 tena mwaka mpya ulianza bila bajeti, safari hii Seneti na Baraza la Wawakilishi wa chama kimoja wakigombana wao kwa wao kuhusu kupunguza kodi, na hakuna aliyetokwa na jasho. Anayeumia ni mwalimu anayengoja nyongeza, kwa sababu bajeti ya zamani haina nyongeza yake.

California walijaribu njia nyingine. Mwaka 2010 wananchi walipiga kura kwamba bajeti ipite kwa wingi wa kawaida badala ya theluthi mbili, na ikikosa kupita kufikia Juni 15, wabunge wakose posho na mshahara wa kila siku wanayochelewa, tena bila kurudishiwa. Mwaka uliofuata walikatwa kweli, wakalia, wakaenda mahakamani. Tangu hapo hupitisha kitu kila Juni, ingawa mara nyingi ni ganda tu, na mambo yenyewe hujazwa baadaye kwa miswada midogo midogo. Hata hivyo naona wao ndio waliopiga karibu na shabaha.

Sasa wewe. Sheria yenu ya usimamizi wa fedha inamruhusu Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha hadi nusu ya makadirio yaliyowasilishwa, ikiwa mswada haujatiwa saini mwaka ukianza. Kwa hiyo, Mungu akijalia na Nairobi ikituma mgao kwa wakati, mshahara wako nadhani utauona, na wa madiwani vile vile, na wa gavana. Mimi ningekuwa hapo ningeuliza ile nusu haitamfikia nani: mwenye duka aliyeuzia zahanati dawa kwa mkopo, vijana waliochimba kisima wakaambiwa wangoje, mama wa chakula cha chekechea. Ukiwa na orodha yao utajua ugomvi huu utadumu kwa muda gani, maana utadumu kwa kadiri watu hao wanavyoweza kuvumilia kimya. Wakija mlangoni kwenu mia moja na hati zao mkononi, nina hakika waraka wa gavana utasomwa wiki hiyo hiyo.

Niandikie kura ikipigwa, na uniambie majina ya waliotoka ukumbini, nawajua baadhi yao tangu shule. Msalimie bibi, mwambie pilau yake nimeisikia harufu huku.

Somo yako,
Zuhura