Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum: mabinti wanateswa na wapenzi wao, waambieni hukohuko kwenye simu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni msusi, nina saluni huku Mbagala, na nakuandikia kuhusu mabinti wa miaka 15, 16, 17 ambao wana wapenzi na hao wapenzi wanawatesa. Najua hapo tu kuna watu washakasirika, mtoto wa shule mpenzi wa nini. Sawa, hata mimi ningependa wasome kwanza, ila wapenzi wanao, na sisi kujifanya hatuoni ndo kumetufikisha hapa, maana zikifika zile siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba mpaka 10 Desemba, naangalia posti moja baada ya nyingine naona mke na mume, naona mtoto aliyeharibiwa na ndugu au jirani, yote ya kweli na yaendelee kusemwa, lakini binti wa kidato cha tatu anayezabwa vibao na mtu wake simuoni popote.

Wanaokuja kusuka kwa wingi ni wale waliomaliza form four wanasubiri matokeo, si unajua shuleni walikuwa wananyoa. Kuna mmoja nilikuwa namsuka rasta, nusu kichwa bado, ikaingia simu ya video. Akapokea, akaambiwa zungusha. Basi akazungusha simu saluni nzima, mlangoni, kwenye benchi, mpaka nyuma ya pazia tunapooshea nywele, ili jamaa ahakikishe hakuna mwanaume humo ndani, halafu akakata akainamisha kichwa niendelee. Nikamuuliza mdogo wangu huyu nani, akanijibu ni mtu wangu dada, ana wivu sana kwa sababu ananipenda. Na wenzake waliokuwa kwenye benchi wakamwambia shoga una bahati. Hicho ndo kilichoniuma, Mheshimiwa, kwamba wote mle ndani waliona ni bahati.

Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2024 kwamba kati ya wasichana waliowahi kuwa kwenye mahusiano, karibu robo, asilimia 24, wanakuwa wameshapigwa au kulazimishwa ngono na mwenzi kabla hawajatimiza miaka 20. Na haianzi na kipigo. Inaanza na nipe paswedi, nitumie lokesheni, futa namba za wavulana wote hata za binamu zako, nimekununulia bando kwa nini hujibu. Baadaye zinakuja picha. Binti alituma picha siku wanapendana, siku anataka kuachana anaambiwa jaribu uone, naimwaga kwenye magrupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 lakini yeye haijui, anachojua ni kwamba nyumbani atapigwa, shuleni atafukuzwa, na akienda polisi ataulizwa ulifuata nini kwa mwanaume. Kwa hiyo anabaki na yule jamaa.

Ninachokuomba ni hiki. Hawa watoto tuwafuate TikTok, Instagram na kwenye status za WhatsApp, kwa sababu semina yenye tisheti na kofia haiwafikii. Tengenezeni klipu fupi za nusu dakika, nyepesi zisile bando, waigize vijana wenyewe kwa kiswahili chao cha mtaani, na tafadhali sana msianze na picha ya mgeni rasmi. Moja ioneshe hiyo simu ya kuzungusha. Nyingine iongee na mvulana, maana na yeye kaambiwa kwamba mwanamke asiyechungwa anaibiwa, hakuna aliyemwambia vingine. Mwisho wa kila klipu iwepo 116, ile simu ya watoto ya bure, na awepo mtu wa kujibu komenti na meseji za inbox, kwa sababu wale wa umejitakia mwenyewe wataanza dakika hiyohiyo na binti anasoma. Wenzetu Marekani wametenga Februari nzima kwa ajili ya jambo hili tu, sisi hatuna hata wiki.

Halafu kuna kurasa zinajiita za kutetea wanawake, video ya binti anapigwa au kavuliwa nguo inatoka, wao wanaisambaza na sura yake ikiwa wazi eti tulaani kwa pamoja. Huyo mtoto kesho anaenda dukani, anaenda msikitini au kanisani, kila mtu kamuona. Wizara itoe tamko kwamba video ya mtoto haisambazwi kwa sababu yoyote, apelekewe anayehusika, basi.

Na ongea na mwenzako wa Elimu atoe waraka mwanafunzi akiripoti kwamba mpenzi wake anampiga au anamtishia, asifukuzwe shule. Mwaka 2021 serikali iliruhusu waliojifungua warudi darasani na watu walisema haiwezekani, ikawezekana. Bila huo waraka tutapiga kelele mtandaoni wee, na binti hataongea.

Hiyo 116 nimeshaibandika kwenye kioo. Wasusi wa huku tuna grupu letu, klipu zikitoka nazirusha siku hiyohiyo na nitawaomba kila mmoja aziweke status. Nasubiri jibu lako, hata la kwenye komenti linatosha.

Msusi wa Mbagala, Dar es Salaam