Urithi wa Fumo Liongo

Sahibu yangu wa dhati,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe na jamaa zako katika afya njema. Sisi hatujambo, ila kusi limeanza kuvuma na bahari imechafuka. Nakuandikia kwa sababu ya swali nililoulizwa juzi barazani, nikashindwa kulijibu papo hapo, ndipo nikakukumbuka wewe tuliyeanza chuoni pamoja, ukaishia kuwa wakili.

Nilikuwa nikiwasimulia wajukuu kisa cha Fumo Liongo, shujaa na malenga wetu wa kale, nao wakimenya karanga na kutupa maganda chini ya baraza. Walifurahia mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani yake, na jinsi shangwe za ngoma ya gungu zilivyohanikiza hata walinzi wasisikie minyororo ikikatwa. Nilipofika pale mwanawe mwenyewe anapomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, baba akiwa usingizini, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, wakanyamaza. Kisha yule mdogo akauliza, "Sasa babu, nyumba ya Liongo akachukua nani?"

Wakubwa wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa maana tangu utotoni tumemlaani kijana yule kwa usaliti wake, wala sikumbuki mtu aliyewahi kuzungumzia mirathi.

Usiku ule niliyarudia tuliyosomeshwa. Muuaji hamrithi aliyemwua. Wafuasi wa Imamu Malik humruhusu aliyeua bila kukusudia arithi mali, isipokuwa diya, yaani fidia ya damu, lakini sisi Mashafi, wafuasi wa Imamu Shafi, hatuufungui mlango huo hata kidogo, na wanazuoni wetu wamelikaza jambo hili hadi kwa shahidi ambaye ushahidi wake ulisababisha mtu kuuawa. Kijana basi anatoka, tena anahesabiwa kama hakuwahi kuwapo. Mama wa Liongo, ambaye angepata sudusi, yaani moja ya sita, anapanda hadi thuluthi, moja ya tatu. Nilifurahi kwa ajili yake, kwani ndiye aliyepeleka mkate ule gerezani, na ndiye aliyekwenda kisimani kumbembeleza mwanawe kwa nyimbo, watu wakidhani amekasirika, kumbe amekwisha kufa akiwa amepiga goti, upinde mkononi.

Furaha yangu haikudumu. Tukikadiria kwamba mkewe yu hai, yeye atachukua robo, mama thuluthi, na kinachobaki, yaani sehemu 5 katika 12, kinakwenda kwa ndugu wa kiume. Kwa wale wanaosimulia kwamba Liongo na mfalme Mringwari walizaliwa na baba mmoja, ndugu huyo ni Mringwari, na wengi wao husema yeye ndiye aliyemtuma kijana! Aliyeagiza kifo anaondoka na fungu kubwa kuliko la mama, na kuliko la mke.

Nikageukia sheria yenu ya serikali. Kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinamnyima urithi aliyeua kwa kukusudia akiwa na akili timamu, lakini sheria hiyo haigawi mali ya Mwislamu, na shauri la namna hii lingekwenda kwa kadhi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 20, inamhesabu mshawishi na mwagizaji kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Katika fiqhi, yaani sheria yetu ya Kiislamu, kama nilivyofahamu, aliyeamrisha bila kulazimisha ana dhambi na anastahiki taaziri, adhabu anayoikadiria kadhi, ila kisasi kinafuata mkono uliotenda. Na kijana hakulazimishwa. Aliahidiwa mke, na ahadi si upanga shingoni. Mungu anisamehe, lakini kwa kesi ya mfalme huyu peke yake naona kifungu chenu kimemshika vizuri zaidi.

Yaliyompata kijana baadaye husimuliwa kwa namna mbalimbali. Wengine husema waliomtuma ndio waliomwua, wengine kwamba maradhi yalimmaliza. Wote wanakubaliana kwamba binti wa mfalme hakumpata.

Nakuomba unitazamie vitabuni, au umuulize mmojawapo wa makadhi unaokutana nao mahakamani: aliyeahidi mke ili mtu auawe, anaingia katika wale wenye mkono katika mauaji, akanyimwa urithi, au anasalimika kwa kuwa sindano hakuishika yeye? Usikawie. Jana yule mdogo amekuja barazani kabla ya wenzake, kuuliza kama jibu limefika.

Wasalaam,
Mwenzako wa chuoni, Lamu