Kabla hujatia saini nyumba mpya

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili usiku baada ya msaidizi wangu kuondoka, nikaona jambo hili halifai kujibiwa kwa simu. Wewe utasahau nusu na mimi nitasahau nusu. Afadhali nikuandikie, uwe na karatasi mkononi siku utakapokaa mbele ya watu wa ofisi.

Pole kwa mwenye nyumba kuamua kuuza. Najua nyumba ile umeizoea, na kwa watu wa viti vya magurudumu kama sisi kuizoea nyumba kuna uzito wake: unajua ni wapi pa kushika, ni kona gani kiti kinakwama, taa gani unaifikia ukiwa umekaa. Hivyo vyote vinaanza upya.

Unapima kati ya ile nyumba ya kupanga karibu na hospitali na kwa dada yako Glasgow, ukaniuliza, "Nikihama, pesa zangu zitanifuata?" Zitakufuata, lakini si zote, wala hazisafiri pamoja. Mafao yetu hapa Uingereza mengine yameshikamana na mwili wako, mengine na nyumba unayolala, mengine na halmashauri inayozoa taka zako. Siku ya kuhama, ni mwili tu unaouchukua mzima.

PIP, ile pesa ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, ni ya mwili. Haiulizi kodi ya nyumba unayolipa, haiulizi unaishi na nani wala una akiba kiasi gani. Ukitoka mji mmoja wa England kwenda mwingine, kiwango chako hakibadiliki hata peni moja. Unachotakiwa ni kuwapigia simu na kuwapa anwani mpya, basi. Na jambo hilo dogo ndilo lililotaka kuniponza. Nilipohama niliwaarifu watu wa umeme, nikaarifu benki, nikajiandikisha kwa daktari mpya, PIP nikasema nitawapigia wiki ijayo. Wiki ikazaa wiki. Bahasha ya mapitio ikaenda nyumba ya zamani. Fomu ile una mwezi mmoja wa kuirudisha, na usipoirudisha malipo yanaweza kusimama. Jirani yangu wa zamani ndiye aliyeiona chini ya mlango, kwenye rundo la vipeperushi vya piza, akanipigia. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilijaza kurasa zile usiku, mkono unatetemeka, nikieleza upya jinsi ninavyotoka kitandani. Kwa hiyo wewe wapigie siku ile ile utakapojua tarehe.

Universal Credit, yale malipo ya kila mwezi ya wenye kipato kidogo ambayo ndani yake mna fungu la kodi ya nyumba, ndiyo ya kukaa nayo chini. Uliniambia mwezi wako wa hesabu unaanza tarehe 12. Ishike sana tarehe hiyo, kwa sababu wao hawagawi siku. Nyumba uliyo nayo mwezi wa hesabu unapofungwa ndiyo inayohesabiwa kwa mwezi mzima. Tuseme umehamia nyumba ya kodi ndogo tarehe 10, siku moja kabla ya tarehe 11 mwezi unapofungwa. Watakulipa kwa kodi ile ndogo kwa mwezi wote, na hali karibu wiki nne umeishi kwenye ile kubwa na kodi yake umeshailipa. Ungesogeza hadi tarehe 13, mwezi ule ungebaki salama. Kodi mpya ikiwa kubwa, hesabu inageuka: tarehe 10 ndiyo inayokufaa, mradi uandike kwenye shajara yako ya mtandaoni kabla mwezi haujafungwa. Ukiarifu kwa kuchelewa, nyongeza inaanza mwezi ule uliotoa taarifa, siyo ule uliohama. Na mkataba wa nyumba unaoonyesha kodi uwe nao tayari, maana wataudai.

Sasa kuna ile pesa ya mpito unayopata ndani ya Universal Credit, uliyopewa ulipoondolewa kwenye mafao ya zamani, yale yaliyotangulia Universal Credit, ili usianguke ghafla. Hapa nakuomba usome polepole. Pesa hiyo huliwa karibu kila sehemu nyingine ya malipo yako inapopanda, na fungu la kodi ni mojawapo. Chukua mfano: pesa ya mpito ni pauni 140, na nyumba ile ya karibu na hospitali imepandisha fungu lako la kodi kwa pauni 90. Mpito unashuka hadi 50. Jumla ya malipo imebaki pale pale, lakini mwenye nyumba anadai 90 zaidi, na 90 hizo zinatoka kwenye chakula na umeme wako. Ukitazama karatasi ya malipo hutaona kilichopungua, ndiyo maana wengi hawagundui mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Nyumba ile usiipime kwa swali la "Je, watalipa kodi?" Jiulize kitakachobaki mkononi baada ya kodi.

Ujue pia kwamba ulinzi wa mpito kwa wenye nyongeza za ulemavu mkubwa haukuletwa na huruma ya mtu. Zamani, aliyekuwa kwenye mafao ya zamani akihamia eneo la halmashauri nyingine na akahitaji msaada wa kodi, alilazimika kuingia Universal Credit, na nyongeza zake za ulemavu mkubwa zikabaki nyuma. Mwaka 2018 wanaume wawili, ambao mahakama iliwataja kwa herufi tu, TP na AR, walilifikisha jambo hilo Mahakama Kuu. TP alikuwa na ugonjwa usiotibika, akarudi London apate matibabu. AR alitoka Middlesbrough kwenda Hartlepool kwa sababu makato ya msaada wa kodi kwa mwenye chumba cha ziada yalimshinda. Kila mmoja alipoteza karibu pauni 178 kwa mwezi kwa kuvuka mpaka wa halmashauri. Maradhi yalikuwa yale yale na mahitaji yale yale. Mahakama ikasema huo ni ubaguzi usio halali, na Mahakama ya Rufaa ikakubali hivyo mwaka 2020. Huwa nawakumbuka watu wale wawili kila ninaposikia mtu akisema wenye ulemavu hawapambani.

Pesa nimeitangulizia, lakini nililotaka hasa kukwambia ni la wasaidizi wako wa asubuhi.

Mimi nilihama Ijumaa. Halmashauri ya zamani ilifunga huduma yangu jioni ile ile. Ile mpya ikaniambia jina langu liko kwenye foleni ya tathmini, nisubiri. Jumamosi asubuhi nikafumbua macho kwenye chumba nisichokijua. Kiti changu kilikuwa pale, hatua mbili kutoka kitandani, na hatua mbili zile sikuwa na namna ya kuzivuka. Nikalala nikisikiliza saa ya ukutani. Nilikuwa na kiu, nikaogopa kunywa maji kwa sababu nilijua maji yataniitia nini. Kaka yangu alifika saa sita mchana, akalala kwenye kochi langu siku kumi na moja. Yeye ndiye aliyeniogesha, yeye ndiye aliyenivalisha. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, tuliona haya wote wawili, na mpaka leo siku zile hatuzizungumzi.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba sheria ilikuwa upande wangu. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, kifungu cha 37, inahusu mtu anayehudumiwa na halmashauri moja ya England na anataka kuhamia nyingine. Ukiiarifu ile unakohamia, nayo ikaridhika kwamba kweli unakuja, inapaswa kukufanyia tathmini, na halmashauri yako ya sasa iipe mpango wako wa huduma. Ikifika siku ya kuhama na tathmini haijakamilika, kifungu cha 38 kinailazimu halmashauri mpya iendelee kukidhi mahitaji ambayo ile ya kwanza ilikuwa ikiyakidhi, mpaka imalize. Mimi nilipiga simu wiki mbili tu kabla, sikuandika kitu, sikutaja kifungu chochote. Wewe andika barua pepe, andika namba za vifungu hivyo, taja tarehe, uombe jibu kwa maandishi. Fanya hivyo hata kama nyumba bado inakutia mashaka. Ukija kubadili mawazo hakuna uliyemkosea.

Kuhusu nyumba yenyewe, vyuma vya kushikia bafuni na ile rampu havihami nawe. Ruzuku ya halmashauri ya kurekebisha nyumba kwa England inafika hadi pauni 30,000, lakini wanaangalia kipato chako, unatakiwa uwe na nia ya kukaa hapo miaka mitano, na wana hadi miezi sita ya kukujibu baada ya ombi kukamilika. Kwa hiyo usikubali maneno ya dalali kwamba "bafu litarekebishwa ukishaingia". Ikitokea umelazimika kuanza kulipa kodi ya nyumba mpya huku ukisubiri marekebisho ya ulemavu wako, Universal Credit inaweza kulipia nyumba zote mbili kwa muda usiozidi mwezi mmoja, kwa kuwa unapata ile sehemu ya PIP ya maisha ya kila siku. Hiyo hawatakutajia wao, uitaje wewe. Na kama unahitaji mtu wa kulala nawe usiku, sema mapema, kwa sababu chumba cha msaidizi wa usiku asiyeishi nawe kinaweza kuhesabiwa kuwa ni haki yako badala ya kuitwa chumba cha ziada.

Mambo ya halmashauri yaliyobaki ni madogo lakini yana njia ya kuuma. Punguzo la kodi ya halmashauri (ule ushuru wa nyumba, siyo pango) kwa wenye kipato kidogo kila halmashauri ya England ina mpango wake tangu mwaka 2013, kwa hiyo ulichosamehewa hapo ulipo huenda ukakilipa kwenye halmashauri ya jirani. Lile punguzo la nyumba yenye nafasi ya kiti cha magurudumu ndani uliombe upya. Na kadi ya buluu ya kuegesha gari hutolewa na halmashauri, waarifu na hao.

Sasa Glasgow. Nimefurahi dada yako amekuita kwa moyo mmoja, na nikikusikia sauti inabadilika unapomtaja. Ila Scotland ina utaratibu wake. Ukivuka kwenda kuishi kule, PIP inaendelea wiki 13 halafu inakoma. Badala yake unaomba Adult Disability Payment, mwenzake wa PIP kule, kwa Social Security Scotland, idara ya mafao ya Scotland. Usingoje wiki ya kumi na mbili. Omba mara tu ukishafika, kwa kuwa nao watataka ushahidi wa daktari, na wewe utakuwa hujapata daktari kule. Beba nakala za barua zote za hospitali na ule uamuzi wako wa mwisho wa PIP. Universal Credit yenyewe haivunjiki, unabadilisha anwani tu. Kifungu cha 37 nilichokusifia ni cha England, usikitegemee huko, muanze na dada yako kuzungumza na halmashauri ya kule mapema zaidi. Lakini kuna jambo zuri: tangu mwaka 2019 Scotland huwapa bure hata watu wa chini ya miaka 65 huduma za mwili, kama kuogeshwa na kuvalishwa, wakishatathminiwa kuwa wanazihitaji. Wewe unayelipia sehemu ya huduma yako sasa, hilo utalihisi.

Mlichopanga kuhusu kodi hakitafanya kazi. Ulisema utampa dada yako kodi ya chumba na Universal Credit itakurudishia. Haitarudisha. Ukimlipa kodi ndugu wa karibu mnayeishi naye nyumba moja, fungu la kodi halitolewi. Kaeni mkubaliane mchango wa chakula na umeme kutoka kwenye pesa zako nyingine, na mkubaliane kabla, pesa isije ikaingia kati yenu. Tena kama yeye sasa anaishi peke yake, ana punguzo la asilimia 25 kwenye kodi ya halmashauri, na ukiingia anaweza kulipoteza. Muulize, hata kama yeye hajawahi kulifikiria.

Ungeniuliza moyo wangu unaegemea wapi, ningesema kwa dada yako. Nyumba ya karibu na hospitali inakula pesa yako ya mpito, na asubuhi bado utakuwa peke yako. Lakini hilo ni langu. Wewe ndiye unayejua kama mnaweza kukaa dari moja mwaka mzima.

Kabla ya yote, mwombe dada yako apime mlango wa bafu lake, upana wa uwazi wenyewe mlango ukiwa wazi kabisa, siyo fremu. Kiti chako kipime na mikono yako ikiwa juu ya magurudumu. Mimi nilipima kiti bila mikono, na vifundo vya vidole vilichubuka miezi miwili. Nitumie vipimo hivyo pamoja na picha ya mkataba wa ile nyumba nyingine kabla hujatia saini popote. Jumamosi niko nyumbani, msaidizi anaondoka saa nne. Nipigie baada ya hapo.

Akupendaye,
Shoga yako