Masaisi wa Njoro nao watajwe

Mhariri,

Kila inaposimuliwa historia ya farasi wa mbio Kenya, tunasikia majina ya walowezi tu, kama Clutterbuck aliyewazalisha na kuwafunza farasi kule Njoro kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Marehemu babu yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Bonde la Ufa. Farasi jike hubeba mimba miezi 11, na mara nyingi huzaa usiku. Aliyekesha bandani na kandili, akimpangusa mtoto kwa nyasi kavu, hakuwa bwana shamba. Dume la mbegu nalo lilikuwa kali. Babu aliwahi kung'atwa bega.

Naomba uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, uliopo tangu 1954, uwekwe kibao chenye majina ya masaisi hao. Wazee wanaoyakumbuka bado wapo.

Msomaji wenu,
Nakuru