Kabla ya rangi, angalieni paa

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Kisauni na Likoni wanaotaka kuuza nyumba, maana naona watu wanamwaga pesa kwa rangi na marumaru za sebuleni na huku juu mabati yanapiga kelele kila kusi ikivuma. Sisi tulipouza nyumba ya marehemu mama, mnunuzi alikuja na fundi wake na yule fundi hata ndani hakuingia, alipanda ngazi akashika msumari wa bati kwa vidole viwili ukatoka mzima mzima, umeliwa na chumvi ya bahari, hapo hapo bei ikashuka.

Tukasimamisha kuuza. Tukatoa misumari yote tukaweka skrubu za zinki zenye mpira, zikakazwa karibu karibu kwenye kingo za paa kwa sababu upepo huanza kuinua bati pale pembeni, halafu kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zikafungwa ukutani kwa vyuma. Gata tukaziba matundu yake, mtaro ukazibuliwa. Haikuwa kazi kubwa wala ya pesa nyingi jamani, na mnunuzi aliyefuata hakubishana sana.

Mvua za El Niño mwisho wa 2023 tuliziona, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, si mbali na sisi. Mhariri, tafadhali tuandikieni ukurasa mmoja wa mafundi wa paa kabla masika haijaingia.

Mkaazi wa Kisauni, Mombasa