Vyuo vikuu vyetu viandae shindano la nyumba za umeme wa jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Uganda na kwa Wizara ya Nishati na Maendeleo ya Madini: tuwe na shindano letu wenyewe la wanafunzi kubuni nyumba zinazotumia umeme wa jua, na nyumba hizo zijengwe kweli, zipimwe, kisha zikaliwe na watu.

Wizara ya Nishati ya Marekani ilifanya shindano la namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 2002 jijini Washington kwa jina la Solar Decathlon, na baadaye likafika Uhispania, China, Dubai na, mwaka 2019, Benguerir nchini Moroko. Katika mashindano hayo kila timu ilijenga nyumba nzima na kushindanishwa katika mambo kumi. Ninachokithamini zaidi ni jinsi waamuzi hawakuridhika na michoro: nyumba ilitakiwa kutoa maji ya moto ya kuoga, kutunza kiwango cha joto la ndani, kufua nguo, hata kupika chakula cha kuwakaribisha majirani, yote kwa nguvu ya jua. Mwaka 2007 na 2009 ushindi ulikwenda kwa wanafunzi wa Darmstadt, Ujerumani, nchi ambayo jua lake halifiki nusu ya ukarimu wa jua letu wakati wa baridi.

Kwetu, kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mara nyingi huishia kwenye kitabu kilichojalidiwa. Anayesomea usanifu wa majengo huchora paa bila kumuuliza mwenzake wa umeme paneli zitakaa wapi, naye wa umeme hupiga hesabu za paneli bila kujua paa litaelekea upande gani.

Mimi ni fundi wa sola hapa Arua, na matokeo ya utengano huo nayaona kila ninapopanda ngazi. Katika nyumba ya wauguzi wa kituo kimoja cha afya, paneli zimelazwa juu ya mabati bila nafasi ya hewa kupita chini yake. Paneli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, hivyo ile iliyofikia nyuzi 65 imekwisha kupoteza karibu asilimia 16, tena saa ile ile jua linapowaka zaidi. Paa lenyewe halina mwinamo wa kutosha, kwa hiyo vumbi la kiangazi limeganda kwenye ukingo wa kila paneli na mvua hailiondoi. Ndani hakuna dari, na betri imewekwa juu ya kabati, mahali joto linapokusanyika. Betri ya asidi ikikaa hapo hufa kabla ya wakati wake, na muuguzi hurudia tochi ya simu. Simlaumu fundi aliyeifunga, kwa sababu alikuta paa limekwisha kuezekwa.

Mambo haya hurekebishwa kwenye mchoro, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Hapa karibu na ikweta jua huwa la utosini Machi na Septemba, huelemea kaskazini katikati ya mwaka na kusini mwezi Desemba. Kuta ndefu zinapaswa kuelekea kaskazini na kusini, zikingwe na paa lililotokeza pande zote mbili, na kuta fupi ziachiwe mashariki na magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni hupenya chini ya paa lolote. Mwinamo mkali wa paneli unaofaa Ulaya hautufai. Nyuzi 10 hivi zinatosha, hasa ili mvua ioshe vumbi.

Masharti ya shindano letu nayo yatokane na maisha ya hapa. Gharama isizidi kile ambacho mwalimu anaweza kukimudu kwa mkopo wa chama cha akiba. Upishi uwe na alama nyingi, maana mkaa na kuni ndizo nishati kubwa ya kaya zetu. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo yatangulizwe mbele ya yale ya kuchoma, ambayo tanuri zake zinamaliza miti. Tena nyumba ipimwe usiku, baada ya siku mbili za mawingu.

Uwezo tunao. Chuo Kikuu cha Makerere, ambako uhandisi, usanifu wa majengo na sanaa vimo katika koleji moja, kilitoa gari la umeme la Kiira mwaka 2011, na mwaka 2016 nchi ilishuhudia basi la Kayoola lenye paneli juu ya paa. Kyambogo, Mbarara na Busitema nazo zina vijana wa uhandisi.

Kuhusu fedha, serikali inahitaji kuwajengea wauguzi na walimu wa vijijini nyumba kwa vyovyote vile. Baadhi ya nyumba hizo zijengwe na timu za wanafunzi, palepale zitakapobaki, na mwamuzi mmojawapo awe muuguzi atakayeishi humo. Napendekeza duru ya kwanza ifanyike hapa West Nile, mkoa uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Sisi mafundi wa hapa tuko tayari kuwapokea wanafunzi hao na kupanda nao juu ya mapaa ambayo sola yake imeshindwa, kabla hawajaanza kuchora.

Fundi wa umeme wa jua,
Arua